Bawaba ya Webley

Mwaka 1851, Robert Adams, fundi bunduki wa London, alitengeneza bastola ya silinda isiyosubiri kukokiwa. Bastola za Samuel Colt wa Marekani zilimtaka mpigaji airudishe nyundo nyuma kwa kidole gumba kila mara kabla ya kufyatua. Kwa ile ya Adams, kuvuta kifyatulio kulitosha. Ilipiga haraka, lakini kifyatulio chake kilikuwa kizito na shabaha iliyumba. Miaka michache baadaye Frederick Beaumont, ofisa wa wahandisi wa jeshi la Uingereza, akaziunganisha njia hizo mbili: mwenye haraka avute tu, mwenye nafasi ya kulenga akoki kwanza.

Ukiwaza ni mambo mangapi hutendeka katika mvuto huo mmoja, utawaheshimu mafundi hawa. Ulimi mdogo wa chuma hupanda na kusukuma meno yaliyo nyuma ya silinda, tundu lenye risasi likaja sawasawa na mtutu. Kizuizi huishika silinda isipitilize. Nyundo nayo inarudi nyuma dhidi ya springi, inafika kikomo, inaachiliwa. Jino likiliwa kidogo tu, risasi haikutani na mtutu vizuri. Hapo ndipo ustadi unapoonekana, katika tupa na jicho la fundi.

Ustadi huo ulikuwa na mtaa wake: eneo la mafundi bunduki mjini Birmingham, na ndani yake Mtaa wa Weaman, walikokuwa akina Webley, watengenezaji wa bastola. Jeshi la Uingereza lilipoichagua bastola yao mwaka 1887, lilipata kitu ambacho kwangu ndicho kilele cha ubunifu wao. Bastola ile hukunjika katikati. Unabonyeza komeo lililo karibu na kidole gumba, mtutu unainama mbele juu ya bawaba, na mwinamo huohuo unainua nyota ya chuma kutoka katikati ya silinda na kuyatupa nje maganda yote sita kwa pamoja. Mpigaji hahangaiki kuchomoa ganda mojamoja. Kwa mtu aliye vitani, sekunde hizo ni uhai wake.

Lakini bawaba ina gharama yake. Fremu ya vipande viwili vilivyoshikwa kwa komeo haivumilii msukumo wa baruti kama fremu ya kipande kimoja. Kwa hiyo Webley haikushindana kwa kasi ya risasi. Ilitumia mtutu mpana wa inchi 0.455 na risasi nzito ya gramu 17 hivi, iliyokwenda takriban mita 200 kwa sekunde, mwendo wa pole kwa silaha ya moto. Uzito ulifidia kasi. Napenda ubunifu wa namna hii, ambamo udhaifu wa sehemu moja umefikiriwa hadi ukaamua umbo la nyingine.

Toleo la sita, Mark VI, lilikuja mwaka 1915, likiwa na mtutu wa inchi sita na mpini wenye kitako cha mraba ulioshikika vizuri zaidi mkononi. Lilipita kwenye matope ya mahandaki ya Ufaransa likaendelea kufanya kazi. Webley zilifika kwetu pia, mikononi mwa maofisa wa Kiingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Watu wetu walizijua kama silaha za watawala, wala sifa ninazompa fundi haziufuti ukweli huo.

Mwaka 1932 serikali ya Uingereza ilipitisha bastola ya inchi 0.38 iliyotengenezwa katika kiwanda chake cha Enfield. Ilikuwa nyepesi, rahisi kumfundishia askari mpya, na ilifanana mno na kazi ya Webley. Kampuni ya Webley ilidai haki yake, ikaishia kulipwa pauni 1,250. Naona ni malipo duni, kwa maana ile bastola mpya nayo ilikunjika katikati, juu ya bawaba, na kuyatupa maganda yake sita kwa mwinamo mmoja.