Bei ya Spika na Sikio la Fundi

Spika ya nyumbani ni chombo ambacho macho peke yake hayatoshi kukitia bei. Jozi mbili huweza kulingana kimo, rangi na idadi ya koni, na bado moja ikauzwa mara ishirini ya nyingine. Mara muuzaji ana haki, mara anauza nembo. Anayeweza kutofautisha ni fundi, kwa kuwa ameshafungua nyingi na anajua pesa ilikokwenda. Mjini Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, ufundi huo una pa kushikia: mkoa una mbao nzuri za kutengenezea boksi, na mji una muziki wa kuzoezea masikio.

Namna spika inavyofanya kazi si siri. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric huko Marekani, walieleza muundo ambao hadi leo haujabadilika sana. Koili ya waya mwembamba huning'inia ndani ya mwanya wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita, koili husukumwa mbele na nyuma, na koni iliyogundishwa nayo husukuma hewa. Ni chombo chenye hasara ya kushangaza. Katika spika nyingi za nyumbani, umeme unaogeuka kuwa sauti haufiki asilimia mbili, mara nyingi haufiki hata moja. Uliobaki huwa joto tu ndani ya koili. Lakini gharama kubwa ya spika nzuri si ya kupunguza hasara hiyo, ni ya kuidhibiti koni: iende inapotumwa, na isimame papo hapo inapotakiwa kusimama.

Mnunuzi wa kawaida huanza na wati, na hapo ndipo anapopigwa. Makasha ya sabufa huandikwa maelfu ya wati kwa tarakimu nene, na pembeni herufi PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kitambo kidogo tu. Kuupima uongo huo hakuhitaji mashine. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, na plagi ya pini tatu ina fyuzi ndani yake. Fyuzi ya ampea 3 hupitisha wati 690; hata ile kubwa ya ampea 13 huishia wati 2,990. Sabufa yenye fyuzi ndogo haitoi wati 10,000 za muziki mfululizo hata ikiombewa. Namba yenye maana huandikwa kwa maandishi madogo nyuma ya boksi: desibeli ngapi kwa wati moja, umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 86 ikiwekwa karibu na ya desibeli 92, itadai umeme mara nne ili zilingane kwa ukubwa wa sauti. Tofauti hiyo ni pesa, maana amplifaya yenye nguvu mara nne nayo hainunuliwi kwa bei ileile.

Boksi ndilo linalobeba kazi ya mikono kuliko kitu kingine chochote. Koni inaposukuma hewa mbele, huivuta ya nyuma, na mawimbi ya pande hizo mbili yakikutana hufutana, hasa kwenye besi. Boksi huyatenganisha. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alionyesha kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya boksi dogo inaweza kufanya kazi ya springi, na tangu hapo besi nzito haikuhitaji tena kabati la nguo. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia alitoa hesabu za boksi lenye tundu, na Richard Small akaziendeleza katika miaka ya 1970. Maana yake kwa seremala ni kwamba ujazo wa boksi na urefu wa bomba la tundu hukokotolewa kwa kila wufa, yaani spika ya besi. Boksi lililokatwa kwa kukadiria hutoa besi ya kuvuma isiyo na noti, ile inayotikisa vyombo kabatini bila kumwambia msikilizaji mpigaji kagusa uzi gani.

Mbao za boksi hazitakiwi kuimba. Fundi hukunja kidole akagonga ubavu wa boksi kwa kifundo, akianzia kona akielekea katikati. Ubao mzito ulioshikiliwa na mihimili ya ndani hujibu kwa mlio mfupi uliokufa. Ubao mwembamba huitikia kama debe, na mlio huo utaongezwa juu ya kila wimbo. Mninga una sifa inayostahili hapa: haunywei sana unapokauka, kwa hiyo viungo vya boksi havifunguki masika yakipita na kiangazi kikiingia. Mkongo na mvule navyo hutulia. Mitiki ya shamba la Mtibwa, wilayani Mvomero, imekuwa mbadala wa heshima. Mpingo huzama majini kwa uzito na dunia huutafuta kwa ajili ya klarineti; kuujengea boksi la spika ni kuuonea tu. Na kwa kuwa ukataji miti ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, hauruhusiwi, ubao usio na alama ya nyundo ya maofisa wa misitu wala kibali una bei ambayo haijaandikwa kwenye risiti.

Hata hivyo mbao ghali si sauti ghali. Viwanda vingi vya Ulaya hutumia MDF, yaani ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa, au plaiwudi, kisha hubandika juu yake ganda jembamba la mti mzuri. Shirika la BBC la Uingereza lilipobuni spika yake ndogo LS3/5A katika miaka ya 1970, ili mafundi wa redio wasikilizie sauti za watangazaji ndani ya magari ya matangazo, lilichagua plaiwudi nyembamba iliyobandikwa tabaka la kuzima mtikisiko. Kiboksi hicho cha kimo cha sentimita 30 bado kinatafutwa na kuuzwa ghali. Mninga mtupu, basi, hununuliwa kwa ajili ya macho. Si kosa, mradi muuzaji asiuhesabu mara mbili.

Ukaguzi wa fundi wa spika iliyotumika huchukua dakika chache na huanza kabla ya waya kuunganishwa. Huweka ncha za vidole vinne kuzunguka kitovu cha koni, akaisukuma polepole na kwa usawa, sikio likiwa karibu. Koili iliyopinda au kuungua hukwaruza ukuta wa sumaku, na mkwaruzo huo mdogo kama wa karatasi huishusha bei papo hapo. Kisha hugusisha betri ya volti 1.5 kwenye vituo: chanya kwa chanya, koni inatakiwa kuruka mbele. Ikiruka nyuma, huenda kuna mtu aliwahi kuifungua akageuza nyaya. Mwisho mita: wufa iliyoandikwa omu 8 husoma kama omu 6 hivi, kwa sababu mita hupima waya peke yake, si koni inayotembea. Ikisoma moja au mbili, koili imeshikana.

Krosova, inayogawa besi kwa wufa na sauti nyembamba kwa twita, imejificha ndani, na ndiyo sehemu inayobaniwa kwanza. Katika spika rahisi huwa kapasita moja tu iliyoning'inizwa kwenye twita. Katika spika ya kweli ni bao zima la koili za shaba na kapasita zilizochaguliwa. 

Baada ya mikono huja masikio, nayo hutaka muziki unaofahamika. Morogoro ina bahati: Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, bendi ya Morogoro Jazz iliyoanzishwa mwaka 1944, na mwimbaji na mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, aliyetoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Rekodi nyingi za enzi hizo hazina besi ya kutingisha ukuta wala mbwembwe za kushoto na kulia. Zina sauti ya mtu, magitaa yanayosukana na saksafoni. Ndiyo sababu hufichua mengi. Spika mbovu humfanya Mbaraka aimbe kama aliyefunga pua; gitaa la solo na la ridhimu huwa donge moja. Spika nzuri humwezesha msikilizaji kulifuata gitaa moja tangu mwanzo hadi mwisho bila kulipoteza katikati ya mengine. Besi ya kawaida ya bendi huanzia karibu hezi 41, na spika isiyofika huko haina haja ya kudanganya. Kinachochukiza ni ile inayovimbisha hezi 100 ili ionekane imefika.

Wauzaji wanajua hila ya zamani: spika inayotakiwa itoke huongezwa sauti kidogo, na sikio huidhania ndiyo bora. Lililo gumu zaidi ni macho. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliwapa watu spika zilezile, mara zikionekana, mara zikiwa nyuma ya pazia. Zilipoonekana, alama zilifuata ukubwa na nembo. Kiseti kidogo cha bei nafuu kilipoteza alama kwa sababu tu kilionekana kidogo. Sebuleni, kanga moja ikitundikwa mbele ya jozi mbili, na ukubwa wa sauti ukasawazishwa, inatosha kuokoa pesa nyingi.

Chumba nacho kina sehemu yake katika bei. Nyumba nyingi za Morogoro zina kuta za tofali, sakafu ngumu na paa la bati. Kuta ngumu hurudisha sauti kali, na chumba cha urefu wa mita 5 huvimbisha noti za karibu hezi 34. Zulia na makochi ya kitambaa hufanya kazi ambayo spika ya milioni nyingi haiwezi. Mvua za Uluguru zikipiga bati, jozi zote huwa sawa.

Bei ya dukani hujumuisha sumaku, koni na boksi, lakini pia usafiri wa mzigo mzito kutoka bandarini Dar es Salaam, forodha, VAT, tangazo na faida ya kila mkono. Fundi huanza na vitu, halafu hujiuliza kilichobaki kinalipia nini. Kutoka spika duni hadi ya wastani, kila pesa inayoongezwa husikika. Kutoka nzuri hadi nzuri sana, husikika kwa anayesikiliza. Zaidi ya hapo, hulipiwa umaliziaji wa mbao na jina.

Katika hali ya hewa ya joto na unyevu, jambo la mwisho ni umri. Ukingo wa povu unaozunguka koni huoza ukawa unga, hata spika ikikaa bila kupigwa; ukingo wa mpira hudumu zaidi, na wa kitambaa zaidi pia. MDF ikinyweshwa maji huvimba isirudi, na mchwa hawaulizi nembo. Spika ambayo fundi anaweza kuibadilishia ukingo au kuizungushia koili upya hubaki na thamani kwa miongo. Jozi ambayo koni zake hazipatikani tena na boksi lake limegundishwa lisifunguke hutolewa bei ya sumaku na mbao tu, hata ikiwa bado inalia vizuri.