Oganda na Baraza la Babaye

Bila shaka umepata kusoma, msomaji, hadithi za malkia kijana aliyezungukwa na mawaziri wenye hila, asiyejua ni nani katika jumba lake amtakiaye mema. Hadithi hizo aghalabu hutoka nchi za mbali, penye ngome za mawe na baridi kali. Walakini hapa kwetu, ufukoni mwa Nam Lolwe, ambalo ramani huliita Ziwa Victoria, tunayo hadithi iliyo ndugu yao, ijapokuwa haina jumba wala waziri. Nayo ni The Rain Came, hadithi fupi ya Grace Ogot iliyomo katika kitabu chake Land Without Thunder cha mwaka 1968.

Mwandishi huyu alizaliwa Nyanza ya Kati mwaka 1930, akasomea uuguzi na ukunga, akafanya kazi Maseno na Kisumu, akafariki mwaka 2015. Hadithi yenyewe aliisoma mbele ya waandishi waliokutana Makerere mwaka 1962, na mwaka uliofuata ikapigwa chapa kwa jina jingine katika jarida la Black Orpheus.

Kisa chake ni hiki. Nchi imekauka, ng'ombe wanakufa. Mganga Ndithi ameota ndoto, na katika ndoto hiyo mzee wa kale Podho amemwambia kwamba mvua haitanyesha mpaka Oganda, binti wa pekee wa mtawala Labong'o, atolewe kwa zimwi la ziwani.

Yaangalie mambo yanavyoanza. Oganda anamwona babaye anarudi, anamkimbilia ili amwulize habari ya mvua, naye Labong'o anamnyoshea mikono bila kusema neno. Baadaye binti anasikia jina lake likitajwa na wazee waliokusanyika. Afikiri nini? Afikiri wanamtafutia mume! Anawapima moyoni vijana wa kijiji mmoja mmoja, akimtamani Osinda, ambaye mkufu wake anauvaa kiunoni. Hapa ndipo ninapomsifu mwandishi kuliko mahali pengine po pote. Katika tamthilia ya Myunani Euripides, Agamemnon alimwita bintiye Iphigenia kwa uwongo, kwamba aje aolewe na Achilles, kumbe amekusudia kumchinja ili apate pepo za kusafiria. Labong'o hakusema uwongo wo wote. Hakuna aliyemdanganya Oganda. Amedanganywa na kimya, kwa kuwa katika nyumba ile jambo la msichana huamuliwa yeye asiwepo, na arusi na mauti huzungumzwa katika baraza lile lile, kwa sauti ile ile.

Yafaa uone pia kwamba hadithi hii haina adui. Ukimtafuta mwovu wa kumchukia hutampata. Ndithi anasema alichoota. Labong'o anampenda bintiye mno, lakini ajua kwamba akimficha, watu wote wa Ramogi wataangamia. Na jina hilo si dogo, kwani Got Ramogi ungali umesimama kule Yimbo, na Wajaluo wengi huutaja kuwa ndiko walikofikia mababu zao. Jamaa wanakuja kutoka karibu na mbali, na zawadi mikononi, wampongeze msichana kwa bahati ya kuchaguliwa. Wanacheza ngoma usiku kucha! Mimi niliposoma mara ya kwanza niliogopa zimwi. Niliposoma mara ya pili niliogopa zile zawadi. Katika nyumba nzima, mama peke yake, Minya, ndiye anayeshindwa kufurahi. Mwandishi hakumpa maneno mengi, naye hayahitaji.

Zimwi lenyewe hatulioni kamwe, na hivyo ndivyo inavyopasa. Ukisimama Dunga, nje kidogo ya Kisumu, jua linapokuchwa, utayaona maji yakigeuka rangi ya chuma na mawingu yakijikusanya upande wa mbali, wala hutakuwa na haja ya mtu kukuchorea meno ya zimwi.

Kasoro ipo, nami sitaificha. Osinda, aliyependwa tangu mwanzo, kwetu sisi wasomaji ni mkufu tu mpaka karibu na mwisho. Kisha ghafula anatokea nyuma ya Oganda kando ya ziwa, amechukua mavazi ya majani ya mti wa bwombwe, ya kuwakinga wasionwe na mababu, wala wasipatwe na hasira ya zimwi. Wanakimbia. Mvua inashuka kwa ngurumo na umeme. Laiti tungalimsikia akisema neno hata moja kule kijijini, tungaliamini upesi zaidi ushujaa wake. Hapa mwandishi amefanya haraka.

Wengi husema kwamba mwisho huu ni wa furaha: mapenzi yameshinda, na mvua imenyesha bila damu. Mimi nakuomba uurudie ukurasa ule wa mwisho, kisha urudi kwa mawazo yako mpaka kijijini, mahali ambapo hadithi haikutupeleka tena. Watu wa Labong'o hawakumwona Osinda. Walimwona msichana akienda ziwani peke yake, kisha wakaona mvua. Watasema nini asubuhi, isipokuwa kwamba ndoto ilikuwa kweli na zimwi limekula? Watalima, watapanda, watalisifu jina la Oganda kama walivyoahidi. Ndithi ataheshimiwa kuliko jana. Na mwaka mwingine wa ukame utakapofika, watakapoketi tena barazani, watakuwa na ushahidi. Wawili tu ndio wanaojua kwamba hakuna aliyeliwa, nao wamejifunika majani, wanakwenda mbali, wala hawawezi kurudi wakamwambia hata Minya.