Mashimo Thelathini na Mawili: Namna Bao Linavyomfundisha Mtu Kuchonga

Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985 na kurudi kuishi Butiama, jirani zake hawakushangaa kumkuta kwenye bao. Picha zake akicheza na wazee wenzake zimeonekana na wengi, na mtazamaji wa kawaida humwangalia mchezaji. Seremala huangalia chini zaidi. Anataka kujua ni mti gani, nyuzi za mbao zimelala upande upi, kingo kati ya shimo na shimo zimebaki nene kiasi gani, na kama aliyechonga alikuwa na patasi ya maana au alijikongoja na kisu.

Maswali hayo yanafaa kuulizwa kwa sababu bao, mbali na kuchezwa, ni somo la uchongaji lililokwisha kupangwa. Mafundi mbao mkoani Mara wapo wa kutosha. Ukipita Mukendo, mjini Musoma, utakuta vitanda na fremu za milango, na ufukweni wapo wanaojua kuunda mtumbwi. Kinachokosekana ni watu wanaochonga kwa kujifurahisha, jioni au Jumamosi, marafiki watatu wanne na gogo lao. Wanaojaribu mara nyingi huanzia pasipo pao: wananunua kipande cha mpingo na kutaka kutoa kinyago kama cha Wamakonde. Baada ya wiki mbili patasi imekuwa butu, kiganja kimechubuka, na mpingo umerudishwa chini ya kitanda.

Kosa si la mwanafunzi. Mpingo, mti wa taifa wa Tanzania, ni mzito hata ukiutupa Ziwa Victoria unazama. Huchukua miongo mingi kukomaa, na viwanda vya Ulaya vinavyotengeneza klarineti vinaulilia. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii nzima ya miti hiyo imewekewa masharti chini ya mkataba wa kulinda viumbe vilivyo hatarini. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Mmakonde anayeketi chini na kuubana kwa nyayo, tezo mkononi, amekulia humo. Kumwiga kuanzia mwisho ni kujitesa.

Kusambaa kwa ufundi huu Afrika Mashariki kunaonyesha njia nyingine. Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Machakos, alifika Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Huko alijifunza kuchonga, kwa Wazaramo kulingana na simulizi moja, kwa Wamakonde kulingana na nyingine. Aliporudi hakufungua shule. Alichonga, ndugu na majirani wakakaa kando yake wakaona, nao wakashika tezo. Kufikia mwaka 1963 Wakamba walikuwa na chama chao cha ushirika cha wachongaji Mombasa, na twiga na vifaru vyao vimefika kila bara.

Wapo wanaowabeza Wakamba kwa kurudia twiga yuleyule mara elfu. Kama sanaa, lawama hiyo ina haki yake. Kama ufundishaji, haina. Mkono hujifunza kwa kurudia umbo moja mpaka jicho lianze kuona kosa kabla patasi haijalifanya. Twiga wa hamsini ndiye anayefundisha, na shida ya mtu anayechonga kwa starehe ni kwamba hana kazi na twiga hamsini. Atawaweka wapi?

Bao linampa mashimo 32, yote ya ukubwa mmoja isipokuwa mawili, na yote yana kazi. La kwanza litatoka kombo. Kufikia la kumi mkono umetulia. Mistari ni minne, kila mmoja una mashimo manane, kwa hiyo marafiki wanne wanaweza kugawana mstari kwa kila mtu, na kazi ya kila mmoja itaonekana waziwazi kando ya kazi ya mwenzake. Aibu hiyo ndogo hufundisha haraka kuliko maelezo.

Mti unaofaa kuanzia ni ule usio mgumu mno na usiopasuka ovyo. Mwembe uliozeeka na kukatwa shambani unatosha. Mwarobaini nao unachongeka vizuri. Wachongaji wa Kenya walielekezwa kwenye miti ya aina hiyo baada ya muhugu kuanza kuadimika kwa kukatwa kupita kiasi. Mninga ni mzuri kuliko yote miwili, ila bei yake si ya kujifunzia. Mvule unavumilia maji na mchwa, lakini vumbi lake huwasumbua baadhi ya watu kifuani, hivyo anayeupiga msasa afunge kitambaa puani. Gogo lolote lipasuliwe ili moyo wa mti usibaki katikati ya ubao, kwa kuwa ufa huanzia hapo. Ncha zake zipakwe rangi au nta siku hiyohiyo, maana ncha hukauka kabla ya tumbo, na kukauka kusiko sawa ndiko kunakopasua mbao.

Hesabu ifanywe kwenye karatasi kwanza. Tuseme shimo lina upana wa sentimita 6. Kati ya shimo na jirani yake wa mstari mmoja iachwe sentimita moja na nusu, kati ya mistari miwili ya mchezaji mmoja iachwe moja, na katikati ya bao, mpakani mwa wachezaji, ziachwe mbili. Ukingo wa nje uwe tatu kila upande. Ubao utatoka na urefu wa sentimita 64 na nusu na upana wa 34. Unene wa sita unatosha: shimo linaingia tatu na nusu, chini zinabaki mbili na nusu. Kitovu cha shimo la kwanza kinakaa sentimita 6 kutoka ncha ya ubao, na kila kinachofuata kinasogea saba na nusu.

Kwa nini ukingo kati ya majirani uwe mnene kuliko ule wa kati ya mistari? Hapa ndipo mabao mengi ya wanaoanza huharibikia. Nyuzi za mbao hulala kufuata urefu wa ubao. Ukingo unaotenganisha mistari miwili umejengwa na nyuzi ndefu, kwa hiyo hata ukiwa mwembamba unashikilia. Ukingo kati ya shimo la tatu na la nne unakatiza nyuzi: kila uzi humo una urefu wa ukingo wenyewe tu, sentimita moja na nusu, na hauna cha kujishikiza. Ukiugonga na patasi vibaya unameguka. Seremala aliyezoea vitanda anajua jambo hili kwenye pembe za fremu, lakini asipoambiwa huwa halihamishii kwenye shimo.

Ubao wa sentimita 34 haupatikani kirahisi, na hakuna haja ya kuutafuta. Mbao mbili za 17 zinaweza kuunganishwa kwa gundi kwenye mstari wa kati, au kwa bawaba, ili bao likunjike na kubebwa kama yale yanayouzwa kwa watalii. Faida ya pili ni kwamba wawili walioko Bunda wanaweza kuchonga nusu yao na wawili wa Musoma nusu nyingine, kisha wakakutana siku ya kuunganisha. Wote wawe na kipimo kimoja, kadibodi iliyokatwa kwa umbo la shimo, la sivyo nusu hizo zitakataana.

Sasa nyumba. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji ana shimo moja la mraba, la tano kutoka kushoto kwake, kwenye mstari wa ndani. Anayechora bila kukaa kitako kwanza upande mmoja na kisha wa pili huziweka nyumba mbili zikitazamana. Ni kosa. Wachezaji wamekaa wakielekeana, kwa hiyo kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwenzake: kitovu cha nyumba moja kiko sentimita 36 kutoka ncha fulani ya ubao, na cha nyingine kiko 28 na nusu kutoka ncha hiyohiyo. Zinakaa mshazari, katikati kabisa ya bao. Kuchora nyumba mahali pasipo pake kwenye mbao za bawaba kunasameheka kidogo, maana mtu anaweza kuchonga upya nusu moja tu kabla ya kufunga skurubu. Kwenye gogo moja hakuna dawa.

Mraba wenyewe uwe na upande wa sentimita tano na nusu, si sita. Anayeogopa kwamba nyumba itakuwa ndogo apige hesabu: eneo lake linazidi kidogo lile la duara la sita, na ukingo wake, ambao ni mrefu na umenyooka, unapata unene wa ziada unaouhitaji. Pembe nne zikatwe kwa patasi bapa. Chini, hata hivyo, nyumba iwe ya mviringo kama mashimo mengine, kwa sababu kete hukwama pembeni na vidole havifiki. Nyumba ndiyo inayoanza na kete 6, na mchezaji aliyebahatika huilimbikiza zaidi ya hapo.

Kuchimba kunaanza kwa keekee. Mdomo wa keekee ufungwe kipande cha utepe kwenye alama ya sentimita tatu, usije ukatokea upande wa pili. Baada ya hapo inaingia patasi yenye mdomo wa mviringo. Iteremke kutoka ukingoni kwenda kitovuni, kisha mchongaji azunguke na kuteremka tena kutoka upande wa pili. Ikivuka kitovu na kuanza kupanda, inang'oa nyuzi badala ya kuzikata, na sakafu ya shimo inabaki na manyoya ambayo msasa hauyamalizi. Ubao ubanwe kwenye meza. Kuupakata mapajani huku patasi inaelekea tumboni ni njia ya mkato ya kwenda hospitali.

Kipimo cha mwisho hakihitaji rula. Weka kete 6 shimoni, zizoe kwa mkupuo mmoja bila kutazama. Zikitoka zote, shimo limekamilika. Ikibaki moja, kuna kona au kina kimezidi. Mchezaji hodari husambaza kete kwa kasi ambayo haivumilii shimo la namna hiyo, na atalitaja mbele za watu, pamoja na jina la aliyelichonga.

Ugumu huo wa bao ndio unaolitofautisha na kinyago. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kama inavyosimuliwa, mchongaji Samaki Likankoa alikuwa na sanamu ya mtu ambayo kiungo chake kilivunjika. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam Mohamed Peera, aliyekuwa akinunua kazi za Wamakonde, akaona katika umbo lile lililokatika kitu kipya, na mtindo wa shetani ukapata nafasi sokoni. Kipindi hichohicho Roberto Yakobo Sangwani alikuwa akileta dimoongo, mnara wa watu waliobebana, ambao baadaye ulijulikana zaidi kwa jina la ujamaa. Kinyago kinaweza kumeza ajali na kutoka kikiwa bora. Ukingo wa bao ukimeguka, umemeguka. Kete zitahamia shimo la jirani. Kwa anayejifunza, chombo kisichosamehe ni mwalimu mzuri mwanzoni, na uhuru wa shetani unaweza kusubiri.

Wala haisemwi kwamba uhuru huo ni wa waliozaliwa nao pekee. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa Maryknoll, shirika ambalo watu wa Musoma wanalifahamu vizuri, ilimpokea George Lilanga kwanza kama mlinzi. Uchongaji aliujua kutoka kwao Masasi. Alichokipata pale ni meza, rangi na watu wa kukaa nao wakifanya kazi, na kazi zake zikaja kuonyeshwa Ulaya na Marekani.

Bao likishapigwa msasa, mafuta ya kula ya kawaida yaepukwe. Baadhi hubaki yakinata na kuvuta vumbi. Mafuta ya kitani yanayouzwa kwenye maduka ya rangi hukauka na kuacha mng'ao wa kiasi. Vitambaa vilivyotumika kuyapaka vianikwe vikiwa vimetandazwa, maana vikiviringishwa pamoja vinaweza kupata moto vyenyewe. Kete za komwe hutoka Pwani, ambako mkomwe huota karibu na ufukwe. Huku Ziwa, kokoto laini zinafanya kazi ileile, mradi zipatikane 64 zinazokaribiana ukubwa.

Kipande cha gogo kitakachobaki ni chembamba mno kwa bao jingine, lakini kinatosha kwa ajua la Wajaluo, mchezo ambao wenyeji wa Rorya wanaujua: mistari miwili, mashimo manane kila mmoja, na hakuna nyumba ya mraba ya kumtoa mtu jasho. Watoto waliokuwa wakishika msasa wakati wakubwa wakichimba wapewe hicho, pamoja na kadibodi ya kipimo.