Kamba ya Mita Kumi

Mwalimu wa historia anayeipenda kazi yake huweza kuingia darasani na kamba tu. Ni kamba ya katani ya mita 10 na ziada kidogo, na kila sentimita yake ni mwaka mmoja. Huanzia ubaoni, mwaka 1000, ikafuata ukuta wa madirisha na kuishia mlangoni. Kwenye mita 3 na sentimita 31 hufungwa uzi wa kijani: mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alishuka Kilwa, mji wa kisiwani kwenye pwani ya kusini ya Tanzania. Kwenye mita 5 na sentimita 5 hufungwa uzi mwekundu: Julai 1505 merikebu za Mreno Francisco de Almeida zilitia nanga mbele ya mji huohuo. Mtoto wa miaka 13 huifuata kamba kwa vidole tangu mwanzo, na akifika mlangoni hugundua kwamba umri wake wote haufiki shibiri moja.

Kwa mtoto wa darasa la saba au kidato cha kwanza, zamani ni chumba kimoja chenye giza ambamo Farao, Vasco da Gama na babu yake mzaa baba wameketi pamoja. Kazi ya kwanza ya mwalimu ni kumketisha kila mmoja mahali pake, na hilo halitimii kwa kutaja miaka tu. Hutimia kwa mikono. Miaka 7 ambayo Wareno waliikalia Kilwa, 1505 hadi 1512, ni sentimita 7, kama urefu wa kidole. Karne ambazo Kilwa ilikuwa mji wa biashara kabla yao zinakula ukuta mzima. Aliyekwisha kuupapasa ukuta huo hulisoma neno "kuanguka" kwa uangalifu zaidi.

Swali la mtihani linajulikana: taja sababu tano za kuanguka kwa dola fulani. Mwanafunzi hukariri. Vita, ukame, ugomvi wa urithi, kufifia kwa biashara, uvamizi. Kila sababu ni ya kweli, lakini zimepangwa kama chupa dukani, zote kimo kimoja, hakuna inayogusa mwenzake. Mtoto hutoka hapo akiamini kwamba dola huanguka kwa sababu wakati wake umefika. Wazee wana methali ya mambo hayo: siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Hata ushairi mkuu wa Kiswahili umesimama mbele ya magofu kwa moyo huo. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama majumba ya mji wa Pate yaliyohamwa, akaionya nafsi yake kwamba dunia haidumu. Ni maneno mazito na mtoto anastahili kuyasikia. Ila mwalimu wa historia ana deni lingine. Yeye humwuliza mtoto ni mti upi ulioanza kuteleza, na ni nani aliyeumwagia maji.

Kwa swali hilo Kilwa ni mfano usio na mpinzani, na somo lake huanza na upepo. Kaskazi ilivishusha vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi kati ya Desemba na Machi; kusi ikavirudisha. Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa masafa ambayo nahodha angeweza kwenda na kurudi ndani ya msimu mmoja. Aliyetaka kuvuka zaidi kusini alihatarisha kukwama ugenini hadi mwaka wa pili. Basi dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe iliteremka hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, ikapandishwa kwa bahari hadi Kilwa, na Kilwa ikatoza ushuru wake. Mtoto wa pwani ya Lindi huelewa kabla sentensi haijaisha. Wa Dodoma, mbali na bahari, itabidi achorewe mishale ubaoni, mara mbili kama si tatu, na mwalimu mzuri haoni uchovu.

Ushuru huo ndio uliojenga. Mwanzoni mwa karne ya 14, sultani al-Hasan bin Sulaiman alisimamisha Husuni Kubwa juu ya mwamba unaotazama bahari, jumba la vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. Shule isiyo na nauli ya kwenda Kilwa Masoko na kuvuka kwa mashua inaweza kuchora birika hilo kwa chaki uwanjani, watoto wakaingia ndani na kukaa kwenye kingo zake. Kisha huja sarafu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye maandishi ya Kiarabu ambayo upande mmoja ulitoa kina na upande wa pili ukakijibu. Watoto waliotoka kuhangaika na vina na mizani katika kipindi cha Kiswahili husisimka kusikia kwamba watu waliwahi kubeba ubeti mfukoni na kununua nao samaki. Na sarafu moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Zimbabwe Kuu, mji wa mawe wa nyanda zile za juu, yapata kilomita 1,500 kutoka kisiwani. Nani aliifikisha huko? Hapo mwalimu hunyamaza, maana darasa zima limekwisha kunyoosha mikono.

Ibn Battuta naye huleta tatizo la thamani. Aliusifu mji wa Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, lakini akasema umejengwa kwa mbao. Wanaakiolojia walipochimba walikuta mawe ya matumbawe na chokaa, na msikiti mkuu wenye kuba. Je, msafiri alisema uongo? Kumbukumbu zake ziliandikwa Morocco zaidi ya miaka 20 baadaye, mwingine akiandika huku yeye akisimulia, huenda alisahau. Ila lipo jibu jingine, na linapotoka kinywani mwa mwanafunzi mwenyewe mwalimu huwa amelipwa mshahara wake: watu wengi wa Kilwa waliishi katika nyumba za miti na udongo, na nyumba hizo hazikuacha magofu. Kinachosimama leo ni kumbukumbu ya matajiri.

Kuanguka kwenyewe hufundishwa kwa kurudi nyuma kwenye kamba. Husuni Kubwa haikumalizika kujengwa, ikahamwa muda mrefu kabla ya Mreno yeyote kuiona bahari hii. Katikati ya karne ya 15 Zimbabwe Kuu yenyewe ilififia, na dhahabu ikahamia kaskazini kuelekea Zambezi, kwenye dola ya Mutapa. Njia ya Sofala ikapungua uzito. Ndani ya Kilwa wakubwa waligombania kiti, na aliyekikalia mwaka 1505 alikuwa amiri Ibrahim, ambaye hakuwa mrithi wa ukoo wa masultani. Almeida alisukuma mlango uliokwisha kulegea bawaba. Aliuteka mji, ukaporwa, ngome ikajengwa, na miaka 7 baadaye Wareno wenyewe wakaiacha, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kupata njia nyingine, ikiwamo ya bandari ya Angoche. Sababu nyingi za mtihani zimo humo, na sasa kila moja imeshika mkono wa nyingine.

Lipo pia suala la nani anakubaliwa kuwa aliinuka. Mjerumani Karl Mauch alipofika Zimbabwe Kuu mwaka 1871 na kuona ukuta wa mawe yasiyoshikizwa kwa udongo wala chokaa, mahali pengine ukifikia mita 11 kwenda juu, alidhani ni kazi ya Malkia wa Sheba. David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walionyesha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika wa hapohapo. Serikali ya walowezi wa Rhodesia iliendelea kuukwepa ukweli huo kwa miongo kadhaa. Kiswahili nacho kina doa lake: neno "ustaarabu", kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana ya kuwa kama Mwarabu. Si lazima neno lifutwe, lakini watoto wana haki ya kuoneshwa kilichomo ndani yake kabla ya kulitumia kwa waliojenga ukuta ule.

Kisha huja mtihani wa kweli, ule usio na karatasi. Kilwa iliinuka tena. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alitia saini mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Kifaransa katika Bahari ya Hindi. Fedha ziliingia, na Makutani, jumba la masultani, likawa na shughuli. Mwalimu huweka mezani nyuzi za kijani za kuinuka na nyekundu za kuanguka, akawaambia watoto waende mita 7 na sentimita 76 kutoka ubaoni, wafunge wanayoona inafaa. Wengine hufunga kijani upesi, wakasimama, wakaufungua. Wengine hutaka kwanza kujua watu hao 1,000 walitolewa wapi, na mwalimu hufungua ramani ya bara hadi Ziwa Nyasa. Kipindi kikiisha, kamba hukunjwa na kuwekwa juu ya kabati ikiwa na mafundo ya rangi zote mbili mahali pamoja.