Mzee Morris na Kinyago cha "Ingawa Kipofu"

Katika fasihi simulizi tumezoea kuuliza swali moja: msanii anasema nini? Swali hilo linakwama kwa Mzee Morris Nyunyusa, maana ngoma zake hazina hata neno moja. Basi wengi wetu tunampita, tunakimbilia nyimbo zenye mistari ya kunukuu. Kwa maoni yangu tunakosea.

Kwetu Kitendaguro, Bukoba, babu husimulia kwamba enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, ngoma hizo zikilia kabla ya taarifa ya habari, watoto walinyamazishwa papo hapo. Wao walidhani linapiga kundi zima. Kumbe ni mtu mmoja, tena asiyeona, aliyezungukwa na ngoma kubwa na ndogo! Hapo ndipo ilipo fani yake. Sauti nzito inaita, nyembamba inajibu, nyingine inadakia, wala hazivurugani. Mtu mmoja amevaa sura za watu wengi.

Hebu tumlinganishe na mchezaji wa mapiko wa Kimakonde. Yule huvaa kinyago kwa hiari yake ili asijulikane. Mzee Morris hakujificha, kinyago tulimvisha sisi, nacho ni kauli ile: "Ingawa kipofu, anapiga vizuri." Jamani, hiyo "ingawa" ni ya nini? Kauli hiyo inayahurumia macho na kuisahau mikono, ambayo ndiyo yenye kazi. Isitoshe, redioni hakuna amwonaye mwenzake. Mbele ya ngoma zile sote hatuoni, na yeye ndiye mwenyeji wetu humo gizani.

Hata hivyo, redio nayo ina lawama yake. Sanaa ya kusikilizwa kwa utulivu ilifanywa mlio mfupi wa kuita watu kwenye habari. Kwetu mpiga nanga hukaa na wasikilizaji wake uso kwa uso, na jina lake wanalijua. Mzee Morris alisikika nchi nzima, lakini wengi waliujua mlio bila kumjua mpigaji. Hicho ni kinyago cha pili.

Mhakiki atakayeanza na ngoma, akayaacha macho hadi mwisho, atagundua kwamba swali la macho halina kazi tena. Walimu wetu watupe jaribio hilo darasani: tuzisikilize kwanza, ndipo tuandike.