Sifuri ya Aliyenyamaza

Tuseme mama anayeuza omena pale Sindo ametengenezewa ukurasa mdogo wa kuweka hesabu. Kisanduku kinatokea kwa skrini: "Umeuza gorogoro ngapi leo?" Chini kuna vitufe viwili, Sawa na Ghairi. Mara anaitwa ufuoni, anabonyeza Ghairi, anaenda zake. Jioni jedwali linasema: gorogoro 0.

Huo ni uwongo. Mama hakusema sifuri. Hakujibu tu.

Kisanduku hicho ni prompt() ya JavaScript, lugha aliyoiunda Brendan Eich pale Netscape mwaka 1995. Kwanza nikisifu. Ukibonyeza Sawa bila kuandika kitu, kinarudisha maandishi matupu, "". Ukighairi, kinarudisha null, yaani jibu halipo kabisa. Kinajua hayo ni mambo mawili, na kumheshimu mtu ni pamoja na kujua hivyo.

Shida inaanza hatua inayofuata. Chochote unachoandika, hata 12, kinarudi kama maandishi, kwa hivyo mtengenezaji lazima akigeuze kuwa nambari. Akitumia Number(), "" inakuwa 0, na null nayo inakuwa 0. Tofauti iliyolindwa mlangoni inamwagwa jikoni, na programu inaendelea kama kawaida, bila onyo.

AutoHotkey, toleo la 2, ina njia nyingine. InputBox yake inarudisha vitu viwili pamoja: Value, alichoandika mtu, na Result, jinsi kisanduku kilivyofungwa: OK, Cancel au Timeout. Hiyo Timeout sisi wa *334# tunaielewa bila kufundishwa: ukikawia kutafuta namba, menyu inajifunga yenyewe. Kukawia si kukataa, na lugha hii imekupa neno la kila moja.

Kuna watakaosema ni kazi ya mtengenezaji kukagua null kabla ya kugeuza. Ni kweli, mstari mmoja unatosha. Lakini huo mstari ndio unaosahaulika usiku wa manane, na anayelipa si aliyesahau. Mama akienda kuomba mkopo kwa chama, jedwali ndilo litamsemea. Sifuri tatu kwa wiki, ataonekana biashara imelala.

Muundo mzuri haungoji mtu akumbuke. Unaacha nafasi ya kuandika "hakujibu", na hapo hakuna mashine inayomjibia aliyenyamaza.