Usukani wa Chopa: Kazi Iko Kwenye Kibano

Kosa la kwanza la anayejitengenezea chopa, baiskeli yenye usukani mrefu, hufanyika dukani, kabla moto haujawashwa. Bomba la maji la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 21.3, ilhali mipira ya mikononi na vishikio vya breki hutengenezwa kwa 22.2. Tofauti haifiki milimita moja, lakini inatosha kufanya mpira uzunguke. Tena mabomba hayo yana zinki, ambayo ikichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa. Mwombe fundi wako wa Changamwe bomba jeusi la fanicha la milimita 22, lenye ukuta wa milimita 1.5 au 2.

Kukunja bomba kunataka lijazwe mchanga uliokaangwa ukakauka kabisa. Ukishindiliwa vizuri, bomba hupinda bila kubonyea. Lakini unyevu ukibaki ndani, moto huugeuza mvuke, na kizibo kinaweza kuruka kama risasi.

Kupinda, hata hivyo, ndiyo sehemu rahisi. Mikono ya usukani ikipanda kutoka sentimita 10 hadi 40, nguvu ileile ya kuvuta huuzungusha usukani ndani ya kibano kinachoushika shingoni kwa msukumo mara nne. Chuma cha kuunganisha mikono katikati huzuia isitanuke. Hakizuii usukani kulala. Raleigh ya Uingereza ililijua hili: toleo la pili la baiskeli yake ya Chopper, mwaka 1972, lilikuja na usukani uliochomelewa kwenye shingo yake. Kibano cha milimita 25.4 kikikutana na bomba la 22, usijaze pengo kwa bati la mkebe. Livike kipande kifupi cha bomba la chuma chenye ukuta wa milimita 1.6, kichomelewe, kisha tumia shingo yenye bolti zaidi ya moja.

Halafu breki. Kwenye baiskeli ya Black Mamba, yenye breki za vyuma, vishikio na vyuma vya breki vimefungwa kwenye usukani wenyewe: ukiutoa, umetoa breki. Kuweka za waya si suluhisho, kwa kuwa rimu yake iliundwa kubanwa kwa ndani, haikuundwa kubanwa ubavuni. Kwa maoni yangu baiskeli hiyo iachwe ilivyo. Chopa ijengwe juu ya ile yenye breki za waya, na waya ununuliwe mrefu.

Kabla hujateremka nayo kwenye feri ya Likoni, shika breki ya mbele, usukume mikono kwa uzito wako wote. Ikilala hata kidogo, irudishe kwa fundi.